Kamba Yenye Mafundo Manne

Januari nilimpelekea Hilja Corolla yangu.
Ziwa la Keuruu lilikuwa limeganda, hata malori yanapita juu,
na chini ya gari nilikuwa nimefunga bomba la moshi
pana kama mtaro wa mvua. Nimelikata mwenyewe,
nalionea fahari. Likinguruma, mbwa wa tarafa nzima hujibu.

"Zima," akasema.
Nikazima.
"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Miaka ishirini na sita alichomelea mabomba ya maziwa
katika kiwanda cha siagi ambacho sasa kimefungwa.
Anajua kitu kinavyopita ndani ya kitu.
Maziwa yakikuta kona kali, alisema, yanakasirika, yanatoa povu.
Moshi ni vivyo hivyo, ila una haraka zaidi,
na hakuna anayeungoja na kikombe.

Akavua glavu. Akagonga injini kwa ukucha.

"Wewe wadhani bomba ni shimo la kutupia taka.
Valvu ikifunguka, moshi hautiririki kama maji ya mfereji,
hutoka kwa vishindo: pu, kimya. Pu, kimya.
Kila kishindo kikikimbia huacha pengo nyuma yake,
na pengo lina njaa, linavuta masalia ya silindani.
Kisha kishindo kinafika mdomo wa bomba, kwenye hewa wazi,
na hapo, Ensio, kinarudi.
Kilikwenda kikisukuma, kinarudi kikivuta.
Kikirudi mlango ungali wazi, kinafagia chumba,
na petroli mpya inaingia pasafi.
Kikichelewa, kinabisha mlango uliofungwa.
Kikiwahi mno, nako hasara."

"Na langu?"

"Lako? Moshi unaingia humo
kama mtu mmoja kanisani siku ya Jumatatu.
Unapoa. Unazubaa. Ukitoka kwenye kona
gari linapiga kelele na haliendi."

Kweli tupu, na sikuwa nimemwambia.

Alichukua kamba ya kufungia marobota ya nyasi,
akaipitisha kwenye nafasi iliyopo, akiipinda kwa vidole:
fundo penye valvu,
fundo pale wanapokutana wawili wawili,
wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu,
wasiopumua kwa pamoja;
fundo wanapokuwa mmoja;
fundo la mwisho nyuma, chini ya bamba la namba.
Silinda iliyo karibu, bomba lake akalizungusha mbali
ili lisifike kabla ya nduguze.
Siku tatu cheche ziliruka. Nje, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nilishika tochi, nikamenya viazi, nikanyamaza.

Lilipowaka nilidhani limeharibika.
Hapakuwa na radi. Palikuwa na sauti nene, ya chini,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana.
Mbwa hawakuinuka.

Jumapili, kwenye barafu, magari kumi na mawili.
Kona ya tatu, ile yenye kilima, mahali nilipozoea kushusha gia,
nilikanyaga tu, na likapanda
na gia ileile, bila kubembelezwa.
Nilimaliza wa nne. Sijawahi kumaliza wa nne.

Lakini mashindano yetu yana sheria yake:
ukimaliza, yeyote anaweza kununua gari lako
kwa bei moja, ya chini, huwezi kukataa.
Walioandika majina walikuwa tisa. Kura ikamwangukia
binti wa miaka kumi na sita kutoka Jämsä, jina lake Pihla,
mikono mifupi, kofia ya babake machoni.
Hakufungua boneti. Alilala kwenye theluji
akatazama chini, kwa muda mrefu,
yale mabomba manne yakizungukana.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Nilienda kwa Hilja kumwomba radhi.
Alikuwa anakunywa kahawa amesimama.
Akanyosha mkono kwenye msumari ukutani,
akanitupia kamba, mafundo yangalipo.

"Leta gari jingine," akasema.
"Na usiifuate hiyo. Injini nyingine, pumzi nyingine.
Fungua mafundo kwanza."